Ardhi Oevu ya Mheshimiwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Kama yupo msomaji atakayedhani anaitambua, amekosea, na namwomba akae na kosa lake kimya kama sisi tulivyokaa na letu. Nilizaliwa huko, nikasomea huko, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mshereheshaji wa Chuo Kikuu cha Bondeni. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kusema, "Tupige makofi." Nimeyasema maneno hayo hadi mke wangu huniamsha na kuniambia kwamba nimeyasema tena usingizini, na kwamba yeye hapigi.

Chuo Kikuu cha Bondeni kiko juu ya mlima. Wageni hushangaa, lakini jambo hili lina maelezo. Siku ya kuweka jiwe la msingi, mgeni rasmi wa wakati ule, aliyekuwa amesinzia njia nzima, alishuka garini akanyoosha mgongo, akasema, "Nimefurahi sana kufika katika bonde hili zuri." Hakuna aliyemsahihisha. Katika nchi yetu mgeni rasmi hakosei. Ikitokea maneno yake hayalingani na kitu, kinachosahihishwa ni kile kitu. Mlima ukaandikwa bonde kwenye hati zote, na mwalimu wa jiografia aliyenyoosha kidole kuuliza swali akahamishiwa kituo kisicho na mlima wala bonde, cha mbali sana.

Kuna na mengine. Kuna seremala mmoja aliyeitwa "injinia" na mgeni rasmi kwa bahati mbaya, na kesho yake akapewa daraja ajenge. Sitazungumzia lile daraja.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu bila kuyajua hamtaelewa jinsi Dokta Zefania Kihaule alivyopanda cheo hadi kuwa Kiongozi wa Uendelevu wa kwanza wa chuo chetu, na jinsi cheo hicho kilivyomfanya.

*

Zefania alikuwa mhadhiri wa hisabati. Mrefu, mpole, viatu vyake vimelika upande mmoja. Marehemu baba yake alikuwa fundi bomba, na yeye alikulia katikati ya spana na vipande vya mabomba, kwa hiyo hakuweza kusikia maji yanadondoka mahali akatulia. Katikati ya mhadhara angenyamaza, akasikiliza, akatoka nje kwenda kufunga koki ya chooni, kisha akarudi kuendelea na hesabu pale pale alipoiacha.

Sasa, upande wa chini wa chuo chetu, nyuma ya maktaba, linapita bomba kubwa linalopandisha maji hadi zahanati ya chuo, ambayo iko juu kabisa kileleni. Raba ya kiungo kimoja cha bomba hilo ilikuwa imekwisha. Maji yakawa yanamwagika hapo mchana na usiku, na yale machache yaliyobaki ndani hayakuwa na nguvu ya kupanda. Zahanati ile inahudumia chuo na vijiji vyote vya jirani. Chumba chake cha kujifungulia kilikuwa na koki mbili, na zote mbili zilitoa upepo.

Muuguzi mkuu wa zahanati anaitwa Sista Pudensiana. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kumwona amekaa. Alibandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mama mjamzito afike na ndoo mbili za maji. Asiye na ndoo asisubiri uchungu uanze ndipo azitafute." Alishuka mara kadhaa hadi ofisi ya majengo kuomba bomba likazwe. Ofisi ikamjibu kwamba fundi hayupo.

Fundi alikuwepo. Anaitwa Mzee Chande, na nilimwona kwa macho yangu akicheza drafti chini ya ngazi za ofisi hiyo hiyo. Lakini kwa taratibu zetu fundi hawi yupo mpaka fomu ya kuwepo kwake isainiwe na mkuu wa majengo, na mkuu wa majengo hawezi kusaini kabla ofisi yake haijazinduliwa, na uzinduzi ulikuwa unasubiri mgeni rasmi. Mzee Chande akawa hayupo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Ndipo Sista akamwendea Zefania.

"Dokta, wewe si mtoto wa fundi? Hebu tusaidie. Nazalisha watu kwa maji ya kuazima."

"Kiungo kimoja tu hicho, Sista. Nipe mpaka Jumatatu."

*

Jumatatu ilifika, na naapa kwamba Zefania alikwenda. Alinunua raba mpya, akachukua spana ya baba yake, akafunga koki kuu, akapiga magoti kwenye tope nyuma ya maktaba.

Siku hiyo ilikuwa ufunguzi wa Wiki ya Mazingira. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Hewa na Mambo Yanayofanana na Hayo. Lango kuu tulikuwa tumelipamba sana, hadi dereva wake hakuliona. Msafara ukazunguka, ukaingilia njia ya nyuma, ukasimama karibu na tope. Sisi wa kamati ya mapokezi tukaja mbio, mimi na kipaza sauti changu.

Mheshimiwa aliteremsha kioo.

"Huyu mwenye matope ni nani?"

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Halfani Mtitu, ni mtu ambaye hajawahi kuliacha swali la mkubwa lining'inie hewani zaidi ya sekunde tatu. Alifungua mdomo. Lakini Mheshimiwa alimwahi, akajijibu mwenyewe.

"Bila shaka huyu ndiye kiongozi wenu wa uendelevu. Hongereni! Hawa ndio viongozi tunaowataka, wanaoingia kazini kwa magoti!"

"Ndiye, Mheshimiwa," akasema Profesa.

Chuo hakikuwa na cheo hicho. Kufikia saa sita mchana kilikuwa nacho, na kufikia saa kumi kilikuwa na katibu muhtasi na muhuri.

"Tupige makofi," nikasema. Tukapiga.

Zefania aliinuka, spana mkononi. "Mheshimiwa, samahani. Naomba dakika kumi tu nikaze hiki kiungo, maji yapande zahanati."

Profesa akamshika kiwiko. "Kiongozi hakazi, Dokta," akamnong'oneza. "Kiongozi anaongoza." Wakampandisha kwenye gari na matope yake. Koki kuu ikafunguliwa tena, ili Mheshimiwa anawe mikono kwa heshima ya mazingira, ingawa hakuwa ameshika kitu.

*

Ofisi ya Kiongozi wa Uendelevu ilipewa chumba chenye zulia. Spana ya marehemu baba yake ilichukuliwa na ofisi ya ugavi, ikapakwa rangi, ikapewa namba ya mali ya umma, na tangu hapo ikawa haiwezi kutoka stoo bila saini tano.

Zefania alisema anataka kuanza na bomba. Profesa akamweleza kwa upole kwamba huwezi kukaza kiungo bila sera. Mwaka wa kwanza ukaisha kwenye sera. Ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na nane, na bomba lilitajwa ukurasa wa tisini na nne kwa jina la "changamoto ya vimiminika". Mwaka wa pili ulikuwa wa mkakati wa kutekeleza sera. Mwaka wa tatu ikaundwa Kamati ya Bomba, maprofesa kumi na wanne, na jambo la kwanza lililoamuliwa ni kwamba wajumbe hawajui lolote kuhusu mabomba na wanahitaji kujifunza. Wakaenda ziara ya wiki tatu katika nchi moja ya ng'ambo ambako mabomba hayavuji. Waliporudi walitoa taarifa kwamba hawakujifunza kitu, kwa kuwa kule hakukuwa na bomba linalovuja wakalitazama.

Mara moja tu, Jumamosi moja ya mwaka wa pili, Zefania alivaa fulana ya zamani akashuka nyuma ya maktaba. Mlinzi alimzuia akiwa karibu kulia.

"Kiongozi, nakuomba. Ukichafuka wewe, nafukuzwa mimi. Nina watoto watano."

Akarudi. Na hapa nitasema kweli, ingawa nilimpenda: baada ya hapo alizoea. Viatu vikawa vipya. Akaanza kualikwa kwenye makongamano, akawa anapanda ndege kwenda kuwaambia watu wapunguze kupanda ndege. Sauti yake ikapata ule uzito wa watu wanaosubiriwa. Nilimsikia siku moja akisema "kwa muktadha huo" akiwa anaagiza chai. Kiyoyozi kina namna yake ya kumtuliza mtu, na mimi sina mdomo wa kumsema, maana ofisi yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake na ubaridi ulinifikia.

Mwaka wa nne tuliandaa Kongamano la Kitaifa la Tone la Maji. Kila mjumbe aliwekewa mezani chupa sita za maji. Wajumbe wetu hufungua chupa, hunywa funda moja, hufungua nyingine. Kikao kilipokwisha nilimwona Sista Pudensiana ameingia ukumbini na mfuko wa salfeti. Alikuwa anapita meza kwa meza, anakusanya chupa zilizobaki nusu, anazifunga vizuri vifuniko. Mfuko wa kwanza ukajaa, akatoa wa pili.

Zefania alikuwa anashuka jukwaani. Wakakutana katikati ya viti.

"Dokta, maji lini?"

"Jumatatu, Sista."

"Ya mwaka gani?"

Zefania akainama. Alimsaidia kufunga mdomo wa mfuko, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

*

Mwaka wa sita Mheshimiwa alirudi kuja kuzindua toleo jipya la sera. Ni yule yule. Katika nchi yetu mawaziri hubadilishwa wizara tu, na yeye alikuwa amezunguka zote na kurudi alikoanzia. Katikati ya hotuba ya Profesa simu ya Mheshimiwa iliita, naye akatoka kwenda kuongea nyuma ya maktaba. Sisi tukamfuata kwa mbali, kwa sababu mgeni rasmi haachwi peke yake.

Kufikia wakati huo maji ya lile bomba yalikuwa yamefanya dimbwi la kutosha. Matete yalikuwa yameota. Bata wa mke wa mlinzi walikuwa wanaogelea, na vyura walikuwa wengi. Mheshimiwa alikata simu, akatazama, akavua miwani, akavaa tena.

"Profesa, mbona hamkuniambia? Ardhi oevu! Katikati ya chuo! Dunia nzima inakausha, ninyi mnalowesha!"

Nilizihesabu sekunde. Moja. Mbili. Zefania alikuwa amesimama kando yangu. Neno "bomba" alikuwa nalo mdomoni, nalijua, hata herufi zake ningeweza kuzihesabu. Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, na kilikuwa kimewashwa.

"Ni juhudi za Kiongozi wetu wa Uendelevu, Mheshimiwa," akasema Profesa.

"Tupige makofi," nikasema.

Dimbwi likazungushiwa uzio wiki hiyo hiyo. Kwa uzio, fundi alipatikana. Likawekwa bango la rangi ya kijani: "ARDHI OEVU YA MHESHIMIWA. Usitupe taka. Usichote maji. Usiguse bomba: ni chanzo asilia." Idara ya Baiolojia ikapewa jukumu la kuhesabu vyura kila mwezi, na idadi yao ikaingizwa kwenye taarifa ya mwaka chini ya kichwa cha mafanikio. Zefania akapandishwa kuwa Kiongozi Mwandamizi. Akapata tuzo tatu, moja ya kioo, na alipozipokea alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo tu.

Kamati ya Bomba haikuvunjwa. Ilibadilishwa jina ikawa Kamati ya Chanzo Asilia, ikaendelea na vikao vyake.

*

Nimefika mahali ambapo sipendi kufika. Ningeweza kuparuka, lakini basi hadithi yote ingekuwa ya kuchekesha, na sivyo ilivyokuwa.

Mzee Chande, yule fundi aliyekuwa hayupo, alikuwa na binti mmoja, Asnati. Mwaka wa tisa wa cheo cha Zefania, Asnati alipandishwa zahanati na uchungu wa mimba ya kwanza. Mama yake alibeba ndoo mbili kama karatasi ya mlangoni ilivyosema. Lakini asubuhi hiyo wanawake watatu walikuwa wamejifungua kabla yake, mmoja alikuja bila ndoo, na Sista Pudensiana si mtu wa kumwacha mama katika damu kwa sababu maji ni ya mwingine. Asnati alipofika wakati wake palikuwa na chupa moja. Sista alinawa mikono kwa chupa hiyo.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Asnati alianza homa siku ya pili, na siku ya sita akafariki.

Chuo kilituma salamu za rambirambi zilizosainiwa na ofisi ya majengo. Mimi nilikwenda mazikoni. Zefania naye alikwenda, akakaa nyuma kabisa kwenye mkeka na suruali yake ya suti. Watu walipotawanyika alimsogelea Mzee Chande, akataka kusema pole, akashindwa kuimaliza.

Mzee Chande hakumpa mkono. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa spana ndogo, akamwonyesha.

"Dokta, miaka tisa natembea na hii. Kila siku. Nasubiri karatasi iseme nipo."

Zefania hakusubiri Jumatatu. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na walinzi wakisikiliza mpira redioni, yeye na Mzee Chande waliruka uzio. Walifunga koki kuu, wakafungua kiungo, wakatoa raba iliyooza, wakaweka mpya, wakakaza. Baadaye Mzee Chande aliniambia walichukua dakika kumi na mbili, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kuwafukuza bata.

*

Kwa siku tisa zahanati ya Chuo Kikuu cha Bondeni ilikuwa na maji.

Nilipanda kwenda kuyaona. Sina aibu kusema nililia. Koki zote mbili zilikuwa zinatoa maji, na Sista Pudensiana alikuwa anaosha kila kitu: vitanda, kuta, beseni, mapazia, mlango, hata ngazi za nje ambazo hakuna mtu aliyejua zina rangi ya bluu. Alikuwa ameibandua ile karatasi. Wanawake saba walijifungua siku hizo, na wote saba walirudi kwao wakitembea kwa miguu yao.

Nyuma ya maktaba dimbwi lilipungua, likawa tope, likakauka. Siku ya kumi Idara ya Baiolojia ilikwenda kuhesabu vyura ikapata sifuri. Wakahesabu tena kwa mbinu nyingine. Sifuri. Taarifa ikafika kwa Profesa kama taarifa ya vita, kwa sababu Ijumaa ya wiki hiyo Mheshimiwa alikuwa anakuja na wageni wa ng'ambo kukabidhi chuo Nishani ya Ardhi Oevu.

Kamati ya nidhamu ilikaa mara moja. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu.

"Dokta Kihaule," akasema Profesa Mtitu, "nani alikupa kibali?"

"Raba ilikuwa imekwisha, Profesa."

"Sikuuliza habari za raba. Nauliza kibali."

"Kibali cha kuziba bomba linalovuja?"

"Cha kuangamiza mazingira ya Mheshimiwa! Wewe! Kiongozi wa Uendelevu!"

"Zahanati ina maji, Profesa. Kapande ukaone."

Profesa alivua miwani akajisugua macho. Alikuwa amechoka pia, nilimwona, na kwa dakika moja nilidhani atasema kitu cha kibinadamu. Akasema, "Zahanati haiko kwenye ratiba ya Ijumaa."

Kumfukuza hawakuweza. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyemwita kiongozi, na Mheshimiwa hakosei. Basi ikaamuliwa kwamba Zefania asome hotuba ya shukrani siku hiyo mbele ya wageni, ili ionekane hakuna tatizo, na hotuba niiandike mimi.

Likabaki suala la dimbwi. Mzee Chande aliitwa akalegeze kiungo. Alijibu kwa heshima kwamba yeye hayupo, na kama hawaamini wakaulize ofisi ya majengo.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Kamati ya Chanzo Asilia, maprofesa kumi na wanne ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa hawajaligusa bomba, ilishuka yenyewe. Saini tano za kutoa spana stoo zilipatikana kabla chai haijapoa. Walikunja suruali, wakavua tai, wakapiga magoti kwenye lile tope lililokauka. Kwanza walizungusha upande usio wake, wakakaza zaidi. Wakaitisha kikao kifupi hapo hapo. Kisha profesa mmoja wa falsafa akachukua nyundo. Hakuna aliyesema kiongozi hachafuki. Walirudi ofisini wamelowa hadi mabegani, wanapongezana, na nilikuwa sijawahi kuwaona wana furaha ya kazi kama siku ile.

Kule juu koki zilikohoa mara mbili tatu, zikaanza kutoa upepo.

*

Ijumaa dimbwi lilikuwa limejaa vizuri. Bata walirudishwa. Vyura waliazimwa kutoka maabara.

Mahema yalikuwa mawili, la wageni na la watu. Mheshimiwa alikaa mbele, wageni wa ng'ambo kulia kwake na Profesa kushoto. Nilimkaribisha Kiongozi Mwandamizi wa Uendelevu, na nikasema yale maneno yangu, na watu wakapiga.

Zefania alipanda jukwaani na hotuba niliyomwandikia. Aliitazama, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

"Mheshimiwa," akasema, "miaka tisa nimekuogopa, na sina tena nguvu ya kuogopa. Hii si ardhi oevu. Hili ni bomba linalovuja. Uliliona siku ile ukaliita hivyo, sisi tukanyamaza, mimi nikiwa wa kwanza. Maji haya ni ya chumba cha kujifungulia pale juu. Yupo mama ameshakufa kwa kuyakosa. Anaitwa Asnati, binti wa Mzee Chande, na mzee mwenyewe yule pale, amesimama nyuma ya hema. Naomba ruhusa yako tulizibe leo. Ni kazi ya dakika kumi na mbili."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akimsahihisha mgeni rasmi. Profesa alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Nami nikajikuta natumaini. Nilidhani, labda. Mheshimiwa alikuwa anamtazama Mzee Chande, na macho yake yalikuwa na unyevu, wa kweli kabisa, sisemi uongo.

Akainuka. Nikampelekea kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ilitetemeka. "Nimeguswa. Nimeguswa sana. Nilikuja kama waziri, naondoka kama mzazi." Akatoa leso. "Mzee wangu Chande, pole sana. Binti yako hatasahaulika katika nchi hii. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba kuanzia leo ardhi oevu hii itaitwa Ardhi Oevu ya Asnati. Na bomba hili lililolitaja Kiongozi wetu, nalo lihifadhiwe pamoja nayo. Lisiguswe na mkono wa mtu yeyote, milele."

Akanirudishia kipaza sauti.

Profesa alinitazama. Wageni wa ng'ambo walinitazama. Zefania alikuwa bado jukwaani, na hakumtazama mtu. Nilikuwa nimekishika mimi, na hakuna aliyekuwa ameushika ulimi wangu. Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na kila mara jibu ni lile lile, kwamba ningeweza.

"Tupige makofi," nikasema.

Wakapiga, na walipiga kwa muda mrefu, wengine wamesimama. Mzee Chande hakupiga. Na kando yake, nje kidogo ya hema, Sista Pudensiana naye hakupiga, kwa sababu alikuwa anakwenda mtoni, na mikono yake yote miwili ilikuwa na ndoo.